Kali: Neno moja, maana kibao, na deni la mia nane getini

Tembea mtaa wowote hapa Machakos, uwe upande wa wenye mapesa wanaojenga kuelekea vilima vya Mua au huku kwetu kwa ploti za mabati, na hutakosa geti lililoandikwa maneno mawili kwa herufi kubwa: MBWA KALI. Mara nyingi mbwa mwenyewe ni mzee, amelala chini ya mwembe, hata paka wa jirani hamwogopi. Lakini maandishi yako pale, mekundu kama damu, na mchoro wa kichwa cha mbwa mwenye meno mengi kuliko mamba.

Sasa nikwambie, moja ya hayo mageti niliandika mimi. Na nusura nisilipwe.

Ilikuwa hivi. Niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikataa kupatikana, salio likawa linaongezeka kila muhula, mwishowe nikafunga virago nikarudi nyumbani. Nikikaa tu bila kazi, nikaanza kuandika maandishi kwa brashi: majina ya vibanda, bei za chipsi, "Hapa Tunauza Maji Safi". Mzee wangu ni fundi wa vyuma. Anachomelea mageti na madirisha pale kwa mafundi, na kuna mwalimu mstaafu wa Kiswahili aliyekuwa amemtengenezea geti jipya. Mwalimu akataka onyo kwa geti. Mzee akanitaja. Tukakubaliana shilingi 800.

Nikaandika kazi safi kabisa. MBWA KALI, herufi zimesimama kama askari. Mwalimu akatoka, akavaa miwani, akaitazama ile kazi dakika nzima. Akasema, "Kijana, huyu mbwa wangu ni kiti?"

"Apana, mwalimu."

"Ana uhai ama hana?"

"Ako nao."

"Basi 'anao', si 'ako nao'. Na akiwa na uhai, ni mbwa mkali. Futa, uandike upya, ndio nikulipe."

Mimi na kiburi changu cha mtu aliyewahi kukaa chuo, nikamwambia kila geti la Kenya limeandikwa hivyo. Akacheka. Akaniambia, "Wewe niletee habari kamili za hilo neno, limetoka wapi na linafanya kazi gani. Ukinishawishi, nakulipa na 'mbwa kali' ibaki."

Msomaji wangu, nilidhani ni kazi ya jioni moja. Nilikaa na hilo neno wiki tatu. Hebu nikupe nilichopata, kisha mwishoni uniambie kama ungenilipa.

Kisu ndicho kilianza

Anza na jikoni. Kisu kikali ni kisu kinachokata. Kisu butu ni kile cha mwaitu ambacho unakifikicha kwa nyanya mpaka nyanya inakuwa supu. Hiyo ndiyo maana iliyo chini kabisa ya neno kali: kitu chenye ncha, chenye upande unaokata. Ule upande wenyewe unaitwa makali. Panga lina makali, wembe una makali, shoka lina makali.

Kutoka hapo neno likaanza kutembea na mwili mzima. Ulimi ukikutana na kitu kinachouma kama kinakata, hicho pia ni kikali. Pilipili ni kali. Tumbaku ni kali. Siki ni kali. Ukishuka Mombasa au Zanzibar na uambiwe embe hili ni kali, usidhani wanalisifu: wanakwambia ni chachu, litakufunga taya. Huku kwetu bara, ukisema embe ni kali, kijana anaweza kudhani ni embe tamu kuliko yote sokoni. Neno moja, embe moja, watu wawili, na kila mmoja anakula kitu tofauti.

Pua nayo ikapata yake: harufu kali. Ngozi ikapata baridi kali na jua kali. Mwili ukapata maumivu makali na dawa kali. Sikio na jicho zikasifiwa: mtu mwenye macho makali anaona mbali, na wahenga wakasema ukali wa jicho washinda wembe. Akili kali ni ile inayopasua jambo haraka. Shika hapo kwa akili kali na macho makali, tutarudi.

Halafu kuna tabia. Mbwa mkali, baba mkali, mwalimu mkali, askari mkali. Hapa neno lina maana ya mtu au mnyama ambaye ukimkaribia vibaya, utaumia. Ni kama kisu tu, ila kina miguu.

Na hili si neno la juzi. Ludwig Krapf, yule mmishonari Mjerumani aliyefika pwani yetu miaka ya 1840, aliandika kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Kali limo. Huyo Krapf ndiye aliyepita Ukambani mwaka 1849 akaenda hadi kwa Kivoi kule Kitui, na akiwa huko akauona Mlima Kenya. Kwa hivyo neno lilikuwa likitumika kitambo, kabla hata Nairobi haijakuwa kijiji, na kabla Waingereza hawajajenga kituo chao hapa kwetu kwa Masaku na kushindwa kutamka jina, wakaliita Machakos.

Tena kali ni ukoo mkubwa. Nenda Malawi, kwa Kichewa ukali wa mnyama ni ukali tu, kama wetu. Teremka hadi kwa Wazulu, kisu chenye makali ni bukhali. Lugha za Kibantu zimegawana hili neno kama ndugu wanaogawana shamba la babu: kila mmoja amepanda chake, lakini udongo ni ule ule.

Gazeti nalo likalichukua

Kabla sijafika mtaani, nipitie kwa wakubwa. Hakuna watu wanaopenda neno kali kama viongozi wetu. Kila jambo baya likitokea, utasikia "hatua kali za kisheria zitachukuliwa". Daraja limebebwa na maji: hatua kali. Pesa zimepotea: hatua kali. Onyo likitolewa ni onyo kali, kauli ni kali, ulinzi ni mkali.

Sasa jiulize, ni hatua ngapi kati ya hizo umewahi kuona zikikata kitu? Hapo neno limetumika mpaka limekuwa butu. Mwalimu nilipompelekea hiyo, alicheka mpaka akashika geti. Akasema, "Hiyo ndiyo unaita kisu cha mwaitu."

Lakini kuna upande ambao gazeti halikosei. Likisema "makali ya njaa" au "makali ya maisha", sisi tulio huku Ukambani hatuhitaji kufafanuliwa. Mvua ikikataa misimu miwili, unayaona hayo makali yakipita shambani kama panga.

Mtaani: mkali ni nani?

Haya, tuje kwetu. Panda matatu hapa stejini uelekee Nairobi, kama kilomita 65 hivi. Ngoma ikigonga, konda anasema "hii ngoma ni kali". Hamaanishi inaumiza masikio, ingawa inaumiza. Anamaanisha ni nzuri kupita kiasi. Matatu yenyewe, ikiwa imechorwa na ina taa za kila rangi, ni nganya kali. Kijana mbele yako amevaa viatu kali. Kuna msee wa mtaa ni mkali wa hesabu, mwingine ni mkali wa draft, mwingine ni mkali wa kupika chapo. Msanii akitoa mistari, ni mkali. Wakiwa wengi, ni wakali.

Hizi safari za Machakos na Nairobi ndizo zilibeba maneno. Nairobi wana kituo cha mabasi ambacho mpaka leo watu wanakiita Machakos, Machakos Country Bus. Yaani jina letu liko pale katikati ya jiji, na sisi tukarudi na Sheng yao ndani ya mabegi. Sheng ilikuwa imekomaa mitaa ya Eastlands, na watoto wa Machakos tukaipata kwa makanga, kwa redio na kwa binamu waliokuja nyumbani Desemba wakijifanya hawajui tena Kikamba.

Lakini angalia vile mtaa unavyocheza na hilo neno kulingana na anayeambiwa. Ukisema "mama mkali", kila mtu anajua ni mama asiyetaka mchezo, ukichelewa kurudi unalala nje. Ukisema "msupa mkali", umesifu sura. Neno ni lile lile, mwanamke ni yule yule, ila umri na jicho la anayesema vimebadilika. Dada yangu mmoja wa mtaa aliniambia haipendi hiyo, kwa sababu vijana humwita mkali barabarani wakimaanisha sura, na akiwajibu kwa ukali wanashangaa. "Kwani walidhani ni mkali wa nini?" akauliza. Sikuwa na jibu.

Kuna matumizi mengine. Ukimsimulia mtu kisa cha ajabu, kwamba jamaa ameoa wake wawili na wote wanaitwa Mwende, atasema "Hiyo kali!" Hapo hasifu, hakosoi. Anasema tu kwamba habari imemfikia mahali. Imemkata.

Je, ubaya umegeuka uzuri?

Hapa ndipo nilidhani nimepata jibu la haraka. Nikamwendea mwalimu nikamwambia: mwalimu, hili ni lile jambo la neno baya kugeuka zuri. Si sisi peke yetu. Mwaka 1987 Michael Jackson alitoa albamu iitwayo Bad, na hakuna aliyedhani anajitukana. Neno la Kiingereza terrific mwanzoni lilikuwa kitu cha kutisha, siku hizi ni sifa. Waargentina wakitaka kusema kitu ni kizuri mno husema bárbaro, yaani cha kishenzi. Na Sheng yenyewe imejaa: noma, hatari, moto, balaa. Zote zilikuwa habari mbaya, leo ni pongezi.

Mwalimu akaniuliza swali moja tu. "Mama yako akienda kununua kisu sokoni, anataka kikali ama butu?"

Nikanyamaza.

Na huo ndio ukweli, msomaji. Noma na hatari ni kweli ziligeuzwa kichwa chini miguu juu. Hatari haikuwahi kuwa nzuri mpaka vijana walipoamua. Lakini kali haikugeuzwa. Kali ilikuwa sifa tangu zamani. Kisu kikali ndicho kisu kizuri. Akili kali, macho makali, hizo ni sifa ambazo babu zetu walitoa bila kusikiliza ngoma yoyote ya matatu. Shida ya kali ni kwamba wema wake unategemea uko upande gani wa kisu. Ukishika mpini, ni neema. Ukishika makali, unaenda kushonwa.

Kwa hivyo kijana anaposema "ngoma kali", hajavunja lugha. Amefanya kile kile wahenga walifanya na jicho. Anasema hiki kitu si butu, hakipiti bila kukuachia alama. Baba mkali na ngoma kali ni neno moja: vyote viwili huwezi kuvipuuza.

Jua kali

Sasa ndio nifike mahali nilikuwa nikizunguka.

Hakuna maneno mawili yenye kali ambayo Mkenya anayajua kuliko jua kali. Tukisema hivyo hatuzungumzii hali ya hewa. Tunazungumzia watu: mafundi wa vyuma, wa seremala, wa kupiga mabati hadi yawe sanduku, jiko na karai. Jina lilikuja kwa sababu walifanya kazi nje, bila paa, jua likiwachoma utosini.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira hapa Kenya, na ripoti hiyo ikafanya dunia nzima ianze kuzungumza juu ya sekta isiyo rasmi. Hilo ndilo jina la ofisini. Lakini mafundi wa Kamukunji na Gikomba hawakuhitaji jina la ofisini. Walikuwa na lao. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, na baada ya hapo vibanda vikaanza kujengwa wapate kivuli. Vikaitwa vibanda vya Nyayo. Mwaka 1992 serikali ikaandika sera nzima kuhusu biashara ndogo na jua kali, jina likiwa limechapishwa rasmi kwenye karatasi ya serikali. Tangu 1999 nchi za Afrika Mashariki zimekuwa na maonyesho ya mafundi na wajasiriamali wadogo, na kwa miaka mingi yaliitwa Jua Kali upande wetu na Nguvu Kazi upande wa Watanzania, yote kwa jina moja refu. Ona vile Mtanzania alitazama mikono ya fundi, sisi tukatazama jua lililo juu ya kichwa chake.

Na ukitoa wakulima wadogo, zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya wanaofanya kazi wako katika hiyo sekta. Yaani jua kali si kona ya uchumi. Ni uchumi wenyewe.

Vijana nao wakalichukua. Yule rapa wa genge kutoka mtaa wa California, Eastleigh, Paul Nunda, alijiita Jua Cali. Cali ya California, na ukiitamka tu unasikia jua kali. Pamoja na prodyusa Clemo walianzisha Calif Records, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 genge ikawa ndiyo ngoma ya kila matatu. Jina la mafundi wasio na paa likawa jina la staa.

Lakini mimi, msomaji, nakuambia ukweli wangu. Nikiwa sekondari tulikuwa tukijaza fomu zenye nafasi ya "Kazi ya mzazi". Kila mara niliandika "mfanyabiashara". Chuoni nikaandika "mhandisi". Mhandisi! Mzee wangu ambaye mikono yake ina alama za cheche kutoka kiganjani hadi kiwikoni, ambaye macho humwasha usiku kwa sababu ya ule mwanga wa kuchomelea, nikampa jina la mtu mwingine. Kwa sababu "jua kali" kwenye fomu ilisikika kama kukiri kosa. Na kitu kingine kikitengenezwa vibaya, si tunasema "hiyo ni kazi ya jua kali"? Tunatumia jina la baba zetu kama tusi, halafu tunageuka tunasema viatu vyetu ni kali.

Na mzee ni mkali, hiyo ya kwanza kabisa. Niliporudi kutoka chuo hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, "Sawa," akaendelea kunoa patasi yake. Tulikaa miezi bila kuongea zaidi ya "chakula kiko" na "zima taa". Nilijua karo aliyokuwa amelipa kabla imalizike ilitoka kwa mageti mangapi. Nilikuwa nimehesabu. Geti kubwa moja lilikuwa karibu robo ya muhula.

Kwa hivyo hilo jina la mia nane lilipokuja, halikuwa la mia nane. Ilikuwa mara ya kwanza mzee kunitaja kwa mtu kama fundi.

Mbwa wa mwalimu

Turudi getini. Je, mbwa kali ni makosa?

Kwa Kiswahili mufti, ndiyo. Kivumishi -kali kinabadilika kulingana na ngeli: mtu mkali, watu wakali, kisu kikali, visu vikali, maneno makali. Mbwa ana uhai, yuko ngeli ya A-WA, kwa hivyo ni mbwa mkali, na wakiwa wengi ni mbwa wakali. Ukivuka mpaka kwenda Tanzania utaona mageti yameandikwa "mbwa mkali" bila wasiwasi.

Lakini kwa nini Kenya nzima imekubaliana kukosea? Hii ndiyo ilikuwa hoja yangu, na nitakupa vile nilimpa mwalimu. Kuna ngeli ambazo kali husimama peke yake, bila kuvaa chochote kichwani. Jua kali, si *jikali*. Ngoma kali. Dawa kali. Nyumba kali. Hizo zote ni sahihi kabisa. Sasa angalia neno mbwa: kwa umbo linafanana na ngoma, nyumba na mbegu, maneno yanayoanza na zile sauti za puani. Sikio la mtu wa bara, ambaye alijifunza Kiswahili juu ya lugha nyingine, linasikia mbwa, linamweka na ngoma. Na kwa kuwa jua kali na dawa kali tunazitaja kila siku, mdomo umezoea kali ikiwa uchi. Ndio maana pia tunasema "viatu kali" badala ya viatu vikali, na "mistari kali" badala ya mistari mikali. Mtaa umechukua umbo moja, ukalifanya la kila kitu.

Ila si kwa watu. Hapo ndipo nilimshika mwalimu kidogo. Hata kijana wa Sheng nzito kabisa bado atakwambia "huyo msee ni mkali", "hao ni wakali". Kile kiambishi cha m- na wa- tumekiweka kwa binadamu. Mbwa tumemnyima. Kwa maoni yangu, mtaa haujasahau sarufi. Umeamua tu kwamba mkali ni mtu.

Mwalimu alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani akaifuta kwa shati. Akasema, "Umeeleza vizuri kwa nini watu wanakosea. Hujaeleza kwa nini mimi nikosee kwa geti langu."

Nikafuta. Nikanunua rangi nyingine kwa pesa zangu, hiyo iliniuma. Nikaandika upya MBWA MKALI. Ile M ilikataa kutoshea, ikabidi nipunguze herufi zote, kazi ya siku nzima. Akanilipa mia nane, akaongeza mia mbili, akasema hiyo ni ya somo.

Jioni hiyo mzee alipita hapo akirudi kutoka kwa kibanda. Rangi ilikuwa bado mbichi. Akasimama mbele ya geti lake lenye maandishi yangu, mikono nyuma, kama mtu anayekagua shamba. Nilisimama kando kama mtoto anayengoja matokeo.

Akasema, "Hii ni kali."

Halafu akaendelea na safari.

Mpaka leo sijui alimaanisha nini. Ile rangi ya mafuta huwa na harufu kali, na mzee ana kifua. Labda alikuwa analalamikia pua yake. Labda alisema mbwa wa mwalimu. Mzee wangu haongei Sheng, sijawahi kumsikia hata siku moja. Lakini asubuhi iliyofuata aliniamsha saa kumi na mbili akaniambia kuna mageti mawili ya kuandikwa, nibebe brashi.

Siku hizi tunafanya kazi pamoja siku tatu kwa wiki, yeye akichomelea, mimi nikiandika. Jua liko palepale utosini, halijapungua. Na juzi nilijaza fomu ya kufungua akaunti ya biashara, kukawa na nafasi ya "Aina ya kazi". Nikaandika jua kali, kwa herufi zilizosimama wima kama zile za geti. Yule dada wa dirishani akasoma, akagonga muhuri, akaita anayefuata.

Kwa hivyo msomaji, ukipita geti lililoandikwa mbwa kali, cheka kidogo lakini usiharakishe kukosoa. Na ukimwita mtu mkali, jiulize umeshika mpini ama umeshika makali. Nikuulize tena lile swali la mwanzo: wewe ungenilipa?